Maneno 22 ya Babu

Kikundi: Ukoo wa Marangu 🍌

Mama Baraka (Ohio): Shikamooni wazee. Mahafali ya Baraka ni Jumamosi ya mwisho ya Mei. Viza ya Baba tayari, tiketi tayari. Ila kuna jambo.

Shangazi Aneth: Marahaba mwanangu. Nauli imepanda tena?

Mama Baraka (Ohio): Hapana. Baba kanipigia usiku, anasema ameshaandaa sala ya kufungua mahafali. Kurasa nne.

Erick: 😂😂😂

Mama Baraka (Ohio): Usicheke wewe. Huku shule ya serikali hairuhusiwi kumwalika mtu aje kuombea mahafali. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa tangu 1992, kesi ya jimbo la Rhode Island. Shule ilimwalika rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi.

Babu: KWANI RABI ALIOMBA VIBAYA

Mama Baraka (Ohio): Aliomba vizuri tu Baba, tena kwa kifupi. Shida ni shule ya serikali kuwapangia watu ibada.

Erick: "Kwa kifupi." Babu, umesikia hapo? 🏃🏾‍♂️

Baba Mdogo: Hao walianza zamani. 1962 mahakama hiyohiyo ilikataa sala ya shule za New York, imetungwa na bodi ya serikali, maneno 22 tu kwa Kiingereza.

Erick: Maneno 22!! Babu hapo bado anakohoa.

Shangazi Aneth: Krismasi iliyopita alianza kuombea chakula mbuzi anatoa moshi. Tunasema amina, mafuta yameganda kwenye sinia, jeupe kama mshumaa.

Dada Upendo: Na alikuwa ameanzia kwa ng'ombe wa jirani aliyevunjika mguu. Ng'ombe mwenyewe alishapona Oktoba.

Babu: ALIPONA KWA MAOMBI

Hamisi (Tanga): Shikamoo Mzee. Mimi mkwe nanyamaza, nauliza kidogo tu. Mtu akiomba peke yake kimya kimya, anakamatwa?

Mama Baraka (Ohio): Marahaba ya Mzee nakuitikia mimi shemeji 😂. Hapana, hakamatwi. Mwanafunzi anaomba muda wowote, ilimradi asivuruge darasa. Na kuna kocha wa shule ya Bremerton, jimbo la Washington, alikuwa akipiga goti katikati ya uwanja mechi ikiisha. 2022 alishinda kesi, majaji 6 kwa 3.

Baba Mdogo: Ila 2000 shule za wilaya moja ya Texas zilishindwa. Wanafunzi wake walikuwa wanaombea mechi kwenye kipaza sauti cha shule.

Hamisi (Tanga): Kumbe kosa ni kipaza sauti.

Erick: Basi Babu yuko salama, yeye hajawahi kukihitaji. Akiomba Marangu, Himo wanaitikia amina.

Shangazi Aneth: 🤣🤣 Jamani huyu mtoto nani kamlea

Baraka: Shikamoo Babu. Mimi niliomba kabla ya mtihani wa hesabu, moyoni, wala hakuna aliyenigusa.

Babu: MARAHABA MJUKUU. MUNGU ALIJIBU?

Baraka: Alijibu Babu. Ila jibu lilikuwa la swali la saba, mimi nikaliandika kwenye la sita.

Dada Upendo: Nimekufa 💀

Mama Baraka (Ohio): Baba, tufanye hivi. Shuleni unakaa, unapiga makofi, unaomba moyoni. Jioni nyumbani kwangu kuna nyama choma, pale hakuna jaji wala mwalimu mkuu, unatuombea.

Erick: Dada, moto uwashwe baada ya amina. Sio kabla.

Babu: NIMEELEWA. SHERIA NI SHERIA. NITAFUPISHA. NGOJENI NIJARIBU HAPA

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (11:36)

Hamisi (Tanga): Amina Mzee 🙏🏾

Dada Upendo: Shemeji, umeitikia baada ya sekunde tano!

Shangazi Aneth: Mimi niko dakika ya nne. Bado anashukuru kwa ajili ya viza.