Eti "trekta si bibi harusi"! Huyu tajiri atatumalizia vijana Usangu

Mwana wa Mbarali (mtoa mada)

Wakuu, leo salamu mtanisamehe. Mikono inatetemeka.

Yule tajiri wa matrekta. Jina la nini? Huku kwetu bonde la Usangu, Mbarali mkoani Mbeya, kuanzia Igawa mpaka Chimala hata mbuzi wanamjua. Leo asubuhi, mbele ya kadamnasi, kijana wake kamwomba kwa adabu zote: "Mzee, naomba balbu mbili za nyuma na rifleta, usiku tunapita lami." Akajibu nini? "Trekta si bibi harusi, mnataka kulipamba?" Na watu wazima na ndevu zao wakacheka!

Bibi harusi! Kijana macho mekundu kama nyanya za Ilula. Kaingia shambani juzi alfajiri, kalima mchana, kalima usiku, kalima tena. Mvua za kwanza zimeshuka, kila mkulima anataka leo hii, na dereva analipwa kwa heka. Akilala heka inaenda kwa mwingine, kwa hiyo halali. Trekta lenyewe likifikisha saa 250 linamwagwa oili, linapewa chujio jipya, fundi analizunguka kama mgonjwa wa Muhimbili. Dereva saa zake nani anazihesabu?

Saa nane usiku anahama shamba kupitia TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia. Plau ya sahani tatu imeinuliwa nyuma, imeziba hata ile taa moja iliyobaki. Mwendo 25. Nyuma yake lori la Tunduma, mwendo 80. Pigeni hesabu: lori linamfuata kwa tofauti ya kilomita 55 kwa saa, mita 15 kila sekunde. Taa fupi zinamulika mita 40 hivi. Dereva wa lori anayaona matope yanayotembea, ana sekunde tatu, hazijafika. Sekunde na nusu inaisha mguu haujagusa breki.

Halafu mtu anakula kuku mzima kabla ya chakula cha mchana, balbu mbili zinamshinda. BIBI HARUSI! Bibi harusi anasindikizwa na msururu wa magari taa zote zinawaka, hazadi zinapepesa, matarumbeta mbele. Natamani kila trekta Usangu lipambwe hivyo hivyo.

Fundi Pini Saba

Naunga mkono, ila balbu peke yake haitasaidia kitu. Ataweka leo, Jumapili kiza. Matrekta mengi hapa yana ugonjwa wa ethi: waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, umefungwa kwenye bolti yenye kutu na rangi. Dalili ni hii: ukikanyaga breki, indiketa nayo inawaka kidogo, au taa zote zinafifia kwa pamoja. Sugua bolti kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Kwa tela soketi ni ya pini saba, ethi ni namba 3, waya mweupe. Balbu ni ya volti 12, wati 21 za breki kwa 5 za taa ya nyuma, lakini mtikisiko wa matuta ya majaruba unakata nyuzi zake, kwa hiyo bora taa za LED zilizozibwa maji.

Halafu washeni injini mpime betri. Isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Chini ya hapo altaneta haichaji. Ndiyo maana mnayaona yanalazwa kwenye mteremko ili asubuhi yasukumwe. Trekta la kusukuma haliwezi kuwasha taa usiku kucha, hata uliwekee balbu za uwanja wa mpira.

Sahani Tatu

Kuna baya kuliko kukosa taa. Ile taa nyeupe ya kulimia inayoangalia nyuma. Kijana mwenye usingizi anaingia lami hajaizima. Wa nyuma anaona mwanga mweupe mbele yake, anadhani ni pikipiki inakuja, anajibana kushoto aipishe, kumbe ndiko trekta liliko. Swichi moja tu! Akili iliyokesha siku mbili haiikumbuki.

Na pedali za breki. Shambani zinaachanishwa ili trekta likate kona mwisho wa mtaro. Ukipanda lami unazifunga pamoja kwa loki yake. Ukisahau, ukakanyaga moja kwa mwendo wa 30, trekta linageukia upande huo huo, na plau nyuma inafagia barabara nzima. Minyororo ya pembeni nayo ikazwe, plau isicheze.

Konda Mstaafu

Mtoa mada povu limejaa hadi kwenye kibodi. "Bibi harusi" umeirudia mara ngapi? Harusi ya nani ilikunyima pilau?

Mwana wa Mbarali

Nitairudia mara mia! Wewe ulikuwepo pale unacheka, nakujua kwa kicheko.

Tela la Mpunga

Mmesahau pini. Pini ya kuungia tela imepotea, wanachomeka nondo iliyokunjwa juu, chini hakuna klipu. Tuta moja, nondo inaruka, tela lenye magunia 40 linashika njia zake. Weka pini ya unene sahihi, klipu, na mnyororo wa akiba kutoka tela hadi trekta. Magunia yapangwe mazito mbele kidogo ya ekseli. Yakirundikwa nyuma, mkono wa tela unanyanyuka na kuyapunguzia magurudumu ya trekta uzito, hapo breki hazishiki. Kwenye mteremko uingie na gia ndogo tangu juu. Anayekanyaga klachi njiani tela linamsukuma, linajikunja naye ubavuni.

Na tandiboi ashuke kwenye madigadi! Mmoja akisinzia anaendesha, mwingine akisinzia anaangukia tairi kubwa.

Sheria Mkononi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Pamoja na saa za ziada siku isizidi saa 12, na apumzike saa 12 mfululizo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi ya hatari, kilimo kimetajwa humo. Kuna wengine mle hata kidevu hakijaota unywele.

Konda Mstaafu

Msomeeni tajiri hiyo sheria kule mbugani saa nane usiku. Mkataba wenyewe ni "umelima heka ngapi?"

Binti Igurusi

Mlipe kwa siku, muwe na madereva wawili kwa trekta moja, mmoja mchana, mmoja usiku. Mafuta ni yale yale, heka ni zile zile. Kinachoongezeka ni posho ya mtu mmoja tu. Jamani, mama wa mtu yuko nyumbani anasikiliza kila honi.

Gia Kumi na Nane

Sisi wa malori mbona hamtuulizi? Matrekta yanatoka jarubani na mabonge ya tope, yanayamwaga lamini. Mvua ikidondoka kidogo pale ni sabuni. Waparue matairi kwa koleo kabla ya kupanda lami, dakika tano tu. Na hizo pawatila, vitrekta vya kushika kwa mikono, zinazobeba familia nzima hazina taa tangu zizaliwe!

Jicho la Usiku

Pawatila afadhali. Bodaboda wana taa ndefu moja kama mwezi mpevu, hawashushi. Na ng'ombe wanaolala lamini kuota joto?

Binti Igurusi

Ng'ombe wana wenyewe, nao wako humu humu, wanasoma wanakaa kimya.

Tela la Mpunga

Mzizi wa yote ni lumbesa. Gunia la debe sita linashonwa kilemba linafika saba na zaidi, tela lililopangiwa magunia 40 linabeba uzito wa 50, halafu mnashangaa tairi kupasuka.

Sahani Tatu

Lumbesa anaileta dalali, si dereva.

Gia Kumi na Nane

Dalali anafuata mkulima anavyoshona! Mkulima ndiye anayepanda juu ya gunia kulishindilia kwa miguu.

Mwana wa Mbarali

Wakuu, turudini kwa yule tajiri. Trekta limetoka tena jioni hii, balbu hakuna, kijana ni yule yule.

Tela la Mpunga

Tunakuja mkuu. Wewe Gia Kumi na Nane, mkulima gani wa Usangu mwenye sauti ya kumkatalia dalali kilemba? Mtaje hata mmoja.