Ushauri: siku mbili Split na mama mwenye shida ya goti, tuanzie wapi?

Mtanga_Munich
Wakuu, habari zenu. Mama anakuja kunitembelea Ujerumani mwezi wa nane, nataka nimpeleke Split, Kroatia. Alifundisha historia sekondari hadi akastaafu, Dola ya Roma kaifundisha miaka yote bila kugusa hata jiwe lake moja. Ila goti linamsumbua. Kasri la Diocletian, yule mfalme wa Roma, ataliweza? Na magofu ya Salona, mji wa kale wa Kirumi jirani na Split, twende au tuyaache? Viza yake ni ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), ya kuingia mara moja.

Msafiri wa Pwani
Viza isikusumbue, Kroatia imo Schengen tangu Januari 2023 na hela ni yuro. Mkienda kwa barabara msikatize Bosnia, mtakuwa mmetoka Schengen na mama hataweza kuingia tena kwa viza hiyo.

Bi Mkunazini
Mdogo wangu, mpeleke! Msitegemee jumba lenye mlango mmoja na mkata tiketi. Ni mtaa mzima ndani ya kuta za Kirumi, watu wanaishi humo mpaka leo. Diocletian alilijenga apumzikie, akahamia alipoachia madaraka mwaka 305. Salona ilipoanguka karne ya 7, wakimbizi wakajihifadhi ndani ya kuta hizo, na mji ukaanzia hapo.

Anzeni asubuhi mapema kabla abiria wa meli hawajashuka. Ingieni kwa Mlango wa Shaba kutoka Riva, ile barabara ya ufukweni, moja kwa moja hadi vyumba vya chini. Mwalimu wa historia hapo atakaa sana: vyumba vya mfalme vya juu vingi vimetoweka, lakini hivi vya chini vilijengwa kwa ramani ileile, na takataka za karne nyingi zilizotupwa humo ndizo zilizovihifadhi. Kisha pandeni taratibu hadi uwanja wa Peristyle, mwonyesheni sfinksi (sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu) ya jiwe jeusi iliyotoka Misri.

Kanisa kuu la pembeni lilikuwa kaburi la Diocletian mwenyewe, mtesaji wa Wakristo. Leo ni la Mtakatifu Domnius, askofu wa Salona aliyeuawa mwaka 304 katika mateso hayohayo. Mnara wa kengele msipande, ngazi zake zitamwumiza. Na avae viatu visivyoteleza, mawe ya njiani yamelainishwa na nyayo.

Kijana wa Magofu
Dada, nakubali yote, ila Salona wasiiache. Ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa Dalmatia, jimbo la Kirumi, bila kuiona kasri linabaki nusu ya habari.

Bi Mkunazini
Mdogo wangu, Salona ni uwanda mpana, vijia vya mawe, kivuli haba, na huo ni mwezi wa nane. Uwanja wa michezo uko mwisho kabisa upande wa magharibi. Kwa goti bovu hapana.

Kijana wa Magofu
Basi waishie Manastirine, karibu na lango. Ni makaburi yenye mabaki ya basilika (kanisa la kale), na Domnius alizikwa hapo kwanza. Teksi iwashushe langoni jioni, jua likipoa.

Mtanga_Munich
Asanteni sana. Siku ya kwanza kasri, ya pili jioni Manastirine, uwanja wa michezo tunauacha. Dada, ndani ya vile vyumba vya chini kuna mahali pa kukaa, au nibebe kigoda cha kukunja?

Bi Mkunazini
Beba. Kule Manastirine pia kitamfaa.