Sekunde 30 zinatosha, acheni kufanya matambiko kwenye tii

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kuna ugonjwa umeingia kwenye gofu ya diski, mchezo wetu wa kutupa diski kutoka tii (pale pa kuanzia shimo) mpaka iingie kwenye kikapu cha minyororo kwa mitupo michache, na kila mtu anauchekea. Zamu ya mtu imefika, wenzake watatu wameshatupa, njia mbele nyeupe, ndipo anapoanza kufungua begi. Anatoa diski, anaifuta, anairudisha. Anatoa nyingine, anaifuta juu na chini, anarusha majani hewani, anakwenda nyuma ya tii, anarudi mbele, anabembeza mkono mara nane, anasimama, anavuta pumzi, anapandisha soksi, halafu anarudi begini kuchukua ileile ya kwanza. Muda wote huo sisi tumebana pumzi, maana ukikohoa tu unatazamwa kama mchawi.

Kanuni ipo. Someni 802.03 kwenye kanuni rasmi za PDGA, chama kinachosimamia gofu ya diski. Muda unaanza kuhesabiwa mtu wa kabla yako akishatupa, nawe umeshapata nafasi ya kutosha kufika kwenye diski yako na kuweka alama pale ilipotua, zamu ni yako, na uwanja uko wazi bila usumbufu. Kuanzia hapo una sekunde 30. Ukizidisha mara ya kwanza unapewa onyo. Ukizidisha tena ndani ya raundi hiyohiyo, kila kosa ni mtupo mmoja wa adhabu. Mmoja wa kundi anatamka, mwingine anathibitisha, basi. Lakini nani anatamka? Wote tunaona haya, tunaogopa kuitwa wakorofi, na wazembe wanajua hivyo vizuri sana.

Kwa wanaosema "sekunde ishirini za ziada zinakuumiza nini", chukua kalamu. Kundi la watu 4, mashimo 18, kila mtu wastani wa mitupo 3 kwa shimo. Hiyo ni mitupo 216. Kila mtupo ukiongezewa sekunde 20, umepoteza sekunde 4,320, yaani saa 1 na dakika 12. Na makundi yaliyo nyuma yenu yanarundikana kwenye tii yakiwasubiri.

Sipingi mtu kuwa na utaratibu kabla ya kutupa. Utaratibu una kazi yake, na wanaotupa vizuri karibu wote wanao. Unaufanya mwili uanze kutoka hali ileile kila mara na unayapa macho kituo kimoja. Mtafiti Joan Vickers aliandika mwaka 1996 kuhusu wapigaji wa mitupo huru ya mpira wa kikapu, akaonyesha kwamba mafundi hutuliza macho mapema na kwa muda mrefu zaidi mahali pamoja kabla ya mkono kwenda. Macho, wakuu. Soksi hazikutajwa.

Ninachopinga ni kuchanganya maamuzi na utaratibu. Diski ipi, njia ipi, upepo unatoka wapi, hayo ni maamuzi, na mahali pake ni wakati mwenzako anatupa. Ukifika kwenye tii huku bado unaamua, huna utaratibu wowote hapo, una wasiwasi tu uliovaa nguo nzuri.

Tuanze na kufuta. Sababu ya taulo ni moja: unyevu au udongo kwenye ukingo wa ndani, pale vidole vinaposhika. Hapo diski ikiteleza inatoka mapema au inachelewa, na kosa dogo la mkono linakuwa kubwa sana ikishasafiri mita 80. Kwa hiyo futa ukingo, futa vidole, mara moja. Umande au mvua ikizidi, taulo mbili, moja ya diski na moja ya mikono, na ya mikono ikae mahali pakavu. Kusugua katikati ya diski kavu mara sita hakuna kinachobadilika isipokuwa saa.

Upepo nao. Majani unayorusha yanakuonyesha upepo wa usawa wa kifua chako. Diski yako inakwenda kupita juu huko, kati ya vilele vya miti. Tazama vilele, tazama kitambaa kikiwa kimefungwa juu ya kikapu, na ufanye hivyo mwenzako akiwa anatupa. Kumbuka pia unachotafuta. Upepo wa usoni unaifanya diski ilegee na kugeuka zaidi, kwa hiyo anayetupa bakhendi (mkono ukianzia upande wa pili wa mwili) kwa mkono wa kulia ataiona ikikimbilia kulia. Wa mgongoni unaishusha na kuifanya ianguke kushoto mapema. Ukishajua hilo chagua diski, yamekwisha. Na wale wanaosimama wakisubiri upepo upungue, hakuna mahali kanuni inaposema upepo unasimamisha saa.

Kubembeza mkono ndiko kunakoniudhi kuliko vyote, maana kunamharibia hata anayebembeza. Kila ukivuta mkono nyuma na mbele, diski inasogea kidogo mkononi. Kidole gumba kinapanda, kiganja kinafunguka. Ikifika mara ya saba mshiko si ule ulioanza nao, ukingo wa mbele umeinuka, na diski inapanda, inakosa nguvu, inadondoka kushoto fupi. Mtu analaumu upepo! Tena ukisimama muda mrefu umekamata kwa nguvu, mkono wa mbele unakakamaa na kiwiko kinachelewa. Bembeza mara moja, taratibu, kwenye pembe unayotaka diski itoke nayo. Mara mbili kama lazima. Halafu kaza mshiko mwishoni, usiukaze tangu mwanzo.

Hatua za kukimbilia zipangwe kutoka mbele kwenda nyuma. Simama pale mguu wako wa mwisho utakapotua, geuka, hesabu hatua zako kurudi nyuma, anzia hapo kila shimo. Anayeanzia popote anajikuta anafupisha hatua ya mwisho au anakanyaga nje kabla diski haijatoka, na kanuni inataka mguu unaokubeba uwe ndani ya tii wakati wa kuachia. Ukivuka baada ya kuachia, halali. Hata kwa anayepima hatua kila mara, kazi yote hii ni sekunde 12 mpaka 15.

Sasa karibu na kikapu, ndani ya mita 10. Hapo ndipo nimeona vituko. Utaratibu unaotosha ni huu: kanyaga nyuma ya alama, uzito uwe mguu wa mbele, chagua pete moja ya mnyororo (pete moja, si kikapu kizima), toa pumzi, bembeza mara ileile unayobembeza siku zote, achia. Kama idadi yako ni mbili, iwe mbili hata kwenye mtupo wa ushindi. Ikipanda kutoka mbili kwenda tisa kwa sababu watu wanatazama, huo utaratibu umeshakufa, na macho yako yameshaondoka kwenye pete yakaenda kwenye nguzo, kwenye chuma cha chini, kwenye bonde lililo nyuma ya kikapu. Ndiyo maana diski zinagonga chuma cha chini.

Mengine si uzembe tu, ni makosa kabisa, na watu wanayafanya kama sehemu ya ibada:

Kuvunja au kung'oa tawi linalokukera mkono. Hairuhusiwi. Majani makavu na vijiti vilivyolala pale unapokanyaga, sawa, ondoa.

Kujirushia diski "ya kupasha" kuelekea kikapuni ukisubiri zamu. Ndani ya raundi, diski ukiirusha zaidi ya mita 5, au umbali wowote kuelekea kikapuni, wakati huo si mtupo wako wa mchezo, ni mtupo wa mazoezi na una adhabu. Vilevile ule wa kurudia uliokosa ili "kurekebisha mkono".

Kumalizia kwa hatua ya mbele. Ndani ya mita 10 lazima uonyeshe umetulia nyuma ya alama kabla ya kusogea kuelekea kikapuni. Kama mtindo wako unaisha kwa kujirusha mbele, tupa hivyo ukiwa nje ya hizo mita 10.

Kukanyaga ovyo huku ukihangaika na miguu. Nyuma ya alama una eneo la sentimita 20 kwa 30. Lione kwanza, kanyaga mara moja. Mtu anachezesha miguu sekunde arobaini halafu anatua pembeni.

NYONGEZA: naona majibu yameanza. Kwa anayesema akivurugwa lazima aanze upya, sawa, anza upya mara moja. Simu ikilia kweli, mtu akikatiza mbele, huo ni usumbufu na saa haikuhusu. Lakini jani kuanguka mita 30 kutoka ulipo si usumbufu, mkuu.

Kwa anayesema wakongwe wanaotazamwa kwenye video nao huchelewa: baadhi huchelewa, na 802.03 inawahusu pia. Hakuna aya ya mastaa.

Kwa anayeuliza afanyeje kama mwenzake ndiye mzito na hataki ugomvi: mnaweza kukubaliana aliye tayari atupe kwanza, kanuni inalivumilia hilo kwa ajili ya kuokoa muda. Akiendelea, anza kuhesabu kimya kimya uwanja ukishakuwa wazi, ukifika 30 tamka "muda", umtazame wa tatu athibitishe. Onyo la kwanza halina mtupo wa adhabu, kwa hiyo hakuna sababu ya kulionea haya. Litoeni mapema, shimo la pili au la tatu, msingoje la 17 mtu akiwa anaongoza.