Nilimpa 9.5, mwenzake 6.8, sasa wasomaji wamenikaba. Nishaurini kabla ya Jumamosi

Karani wa Sinza
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri kwanza, kejeli baadaye.

Nina ukurasa wa kuchambua albamu za Bongo Fleva na singeli. Si mkubwa, ila wanaonisoma wananisoma kweli, na wasanii wenyewe wamo. Natoa alama kuanzia 0 hadi 10, tena kwa nukta. Mwezi wa pili nilimpa kijana mmoja 9.5, nikaandika "albamu ya muongo huu". Mwezi wa tano dada mmoja wa Temeke, anayejiandikia mashairi yake, nikampa 6.8.

Juzi msomaji kaziweka chambuzi zangu mbili pamoja, kapiga mistari myekundu. Kwa kijana nimeandika: "Nyimbo 16, albamu imeshiba." Kwa dada: "Nyimbo 14 ni nyingi, zinachosha." Kwa kijana: "Sauti imepitishwa kwenye mashine kwa ustadi, inakwenda na wakati." Kwa dada: "Mashine imemficha mwimbaji." Hakuishia hapo, kahesabu tangu mwaka uanze nimeandika "haijawahi kutokea" mara ngapi. Mara sita. Na mwaka wenyewe ndiyo kwanza uko katikati.

Jumamosi nimealikwa kuongoza mazungumzo ya wasanii huko Kinondoni, na huyo dada atakuwepo. Nibadilishe alama kimyakimya, niombe radhi, au nikaushe?

Kuku Mgeni
Hiyo nukta tano uliipimia nini mkuu, rula au mizani ya Kariakoo? Hata mtihani wa kidato cha nne A inaanzia 75. Kwako shule nzima imepata A, halafu unashangaa mzazi mmoja kuja kulalamika.

Binti Mbagala
Hapo mimi nimeona kitu kimoja tu. Mwanaume akitumia mashine ni ustadi, mwanamke akitumia amejificha. Mwanaume akiwa na nyimbo 16 ameshiba, mwanamke 14 anachosha. Mkuu ukiacha alama kando, hebu jiulize dada zako huwa unawasikilizaje wakiongea mezani.

Karani wa Sinza
Binti Mbagala siyo hivyo dada yangu. Kuna wanawake nimewapa 8 na zaidi.

Mzee wa Ilala
Vijana mna mambo. Sisi alama hatukuzijua. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka bendi ya Juwata, ndiyo Msondo, kwenda kuanza na Mlimani Park, ndiyo Sikinde, mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, shati moja la kutokea. Kaka yangu alikuwa Msondo damu. Jumapili moja anatuambia Gurumo ndiye mwimbaji pekee nchini, wengine wanakohoa. Gurumo kahama, wiki haijaisha, kaka huyohuyo anasema yule mzee sauti ilishakwisha zamani. Mwaka 1985 Gurumo akaenda bendi ya Safari Sound, mashabiki wa Sikinde nao wakasema maneno yaleyale ya kaka. Miaka ikapita, akarudi Msondo, na kaka akasema sauti imerudi.

Nilimuuliza, sauti ilikuwa imekwenda wapi? Akanitupia kandambili.

Ila kulikuwa na hakimu mmoja asiyehongeka: sakafu. Wimbo ukipigwa watu wakabaki wamekaa na bia zao, hata ukiandikiwa gazeti zima umekwisha.

Kuku Mgeni
Mzee wa Ilala, na ile kandambili ilikupata?

Mzee wa Ilala
Sikio la kushoto.

Shemeji wa Wote
Mleta mada, naomba ujibu kwa ufupi. Huyo kijana wa 9.5 ni nani kwako?

Karani wa Sinza
Sina undugu naye. Sijawahi hata kula naye meza moja.

Shemeji wa Wote
Sijauliza undugu. Meneja wake? Prodyuza? Aliyekuletea albamu mkononi ni nani?

Msoma Vyote
Wakati tunasubiri jibu, kuna mambo mawili. La kwanza, kubadilisha alama si ajabu. Pitchfork, tovuti ya Marekani ya kuchambua muziki, ambayo nayo hutoa alama kwa nukta kuanzia 0.0 mpaka 10.0, Oktoba 2021 ilitoa orodha ya albamu 19 ikasema hizi leo tungezipa alama nyingine, nyingine zikapanda, nyingine zikashuka. Lakini walifanya hadharani, kila moja na sababu yake. Kimyakimya hapana. Wasomaji wako wameshapiga picha skrini.

La pili. Marekani hukohuko miaka ya mwisho ya hamsini, watangazaji wa redio walikuwa wanalipwa na kampuni za sahani za santuri ili wapige nyimbo zao. Bunge likawahoji. Alan Freed, mmoja wa waliolitangaza sana jina la rock and roll, aliishia kukiri makosa mwaka 1962 na kutozwa faini ya dola 300. Faini ndogo, ila kazi ilikuwa imeshakufa. Sasa sikia hapa: sheria ya 1960 iliyotokana na sakata lile haikusema usilipwe. Ilisema ukilipwa, mwambie msikilizaji. Kwa hiyo swali la Shemeji si umbea, ndilo lenyewe.

Karani wa Sinza
Sijalipwa hata shilingi. Naapa.

Shemeji wa Wote
"Hata shilingi." Sawa. Na visivyo shilingi?

Karani wa Sinza
Dah. Haya.

Meneja wa yule kijana ni mtoto wa mama mwenye nyumba wangu. Napanga chumba na sebule, laki mbili kwa mwezi, na hapa mjini mnajua wenyewe, unalipa miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa pili kodi ilikuwa imeisha na mimi sina kitu. Jumanne jamaa akanitumia faili za albamu kwa WhatsApp, na chini yake akaandika: "Mama nimeshaongea naye, ya miezi sita isikuumize kichwa." Basi. Hakusema nisifie. Ijumaa albamu ikatoka na uchambuzi wangu ukatoka.

Kabla hamjaanza: hiyo siyo rushwa. Ni mtu kamsaidia jirani. Na albamu ni nzuri, ningempa 8 hata kama ningekuwa nakaa kwangu.

Kuku Mgeni
Kwa hiyo nukta moja na nusu ni milioni moja na laki mbili. Nukta moja laki nane. Bei ya jumla ikoje?

Mama Vitumbua
Mwanangu, kodi ya mtu hailipwi kwa ulimi. Leo umesifia albamu, kesho utaambiwa sifia harusi, keshokutwa sifia mgombea. Ukikaa bure unakuwa mali ya nyumba, kama ndoo. Nenda kwa huyo mama umwambie nitalipa kidogo kidogo. Mimi nina mpangaji analipa kwa vitumbua, ananikaangia asubuhi, hatudaiani.

MC Kibao Kata
Mnamwonea. Mimi ni MC wa harusi na send-off, mwaka wa tisa huu. Kila bibi harusi kwangu ni "mrembo kuliko wote waliowahi kusimama kwenye ukumbi huu". Ukumbi uleule, mwezi mmoja, harusi nne. Hakuna aliyewahi kuja kunidai. Hadi Jumamosi moja pale Tabata, shangazi mtu alikuwa kwenye harusi mbili mfululizo. Nikatoa sentensi yangu, akasimama na glasi: "MC, wiki jana ulisema ni mtoto wa dada yangu!" Ukumbi ulicheka mpaka bwana harusi akacheka. Bibi harusi ndiye hakucheka.

Tofauti yetu ni kwamba mimi kila mtu anajua nani kanilipa, na kadi ya mchango anayo.

Msoma Vyote
MC umemaliza kila kitu bila kujua.

Binti Mbagala
Na dada wa Temeke je? Mbona kila mtu anahangaikia kodi ya mwanaume? Ile 6.8 ilitoka wapi?

Karani wa Sinza
Naye nilimpa haki yake. Labda nilibana kidogo. Nilikuwa nimetoka kusemwa kwamba nasifia kila mtu, nikaona nionyeshe kwamba naweza kukosoa. Yeye ndiye alikuwa anafuata kwenye foleni.

Binti Mbagala
Soma tena ulichoandika. Taratibu.

Fundi Spika
Samahani nachomeka. Ulisikilizia nini? Naona kwenye uchambuzi wako mmoja unasema "besi inatikisa kifua". Nina duka la kutengeneza spika, nataka kujua tu.

Karani wa Sinza
Zangu za mezani, zile mbili ndogo. Kwa sasa inafanya kazi ya kushoto tu, ya kulia ilikufa tangu Januari. Lakini muziki unasikika.

Afisa Chai
Nimekaa kimya tangu mwanzo nikiwa na kikombe changu. Wakuu, hii ni chai. Tena ya maziwa, iliki imo.

Moja: akaunti imefunguliwa jana. Mbili: uchambuzi wa 9.5 nimeutafuta nimeupata, nyimbo 16, "albamu ya muongo huu", kila kitu. Umeandikwa hivi: "Nimeisikiliza kwa hedifoni usiku wa manane, mji umelala." Humu anasema spika moja, tena mbovu. Kati ya wewe na wewe tumwamini nani? Tatu: msanii hamtaji, lakini kaacha maneno ya kutosha mtu yeyote akitafuta ampate. Hii ni kiki. Jumamosi mtasikia "mchambuzi aomba radhi hadharani", kesho yake albamu inasikilizwa upya na nchi nzima.

Kuku Mgeni
Dah nimeshaitafuta na mimi. Niko wimbo wa tatu.

Shemeji wa Wote
Afisa kuna hoja. Meneja ni mtoto wa mwenye nyumba, meneja anaandika uzi kwa jina la mpangaji... inawezekana kabisa.

Mama Vitumbua
Kwa hiyo nimemshauri meneja?

Mzee wa Ilala
Kiki zilikuwepo. Miaka ya tisini vikundi vya taarab vya TOT na Muungano walipokuwa wanarushiana mipasho, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, mji mzima ulijua ni ugomvi wa kweli. Mke wangu na shoga yake walinuniana miezi kwa sababu hiyo. Sijui kama wenyewe waimbaji walinuniana hivyo. Jibu lake mke wangu hadi leo ni "hayakuhusu".

Karani wa Sinza
Afisa, akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani inajulikana. Ya hedifoni ni kweli niliandika. Sikuwa nazo. Ile sentensi naitumiaga kila uchambuzi, inapendeza pale mwanzoni.

Na niseme lote liishe. Kabla sijafungua uzi huu nilikuwa nimeshawafungia kukomenti watu kama ishirini, akiwemo yule wa mistari myekundu. Na jamaa kanitumia albamu ya pili ya kijana wake, inatoka Ijumaa. Nilishamjibu "itafika 9.8 hiyo". Sijaifungua faili.

Shemeji wa Wote
Kumbe ulikuja kuomba baraka, siyo ushauri.

Msoma Vyote
9.8. Ya tatu ikija utaandika nini, 10 na chenji?

Afisa Chai
Chai hii sasa inaanza kuwa na ladha ya kweli, inanichanganya. Nipe kitu kimoja ambacho meneja asingekiandika.

Fundi Spika
Mimi nina wazo. Azima hedifoni zozote, hata za buku tano za Kariakoo, zikae masikio yote mawili. Sikiliza wimbo wa tisa wa albamu ya 9.5. Mimi nimeusikiliza sasa hivi dukani. Halafu rudi hapa uniambie upande wa kulia kuna nini. Spika ya kulia ukitaka nitakutengenezea, elfu kumi, huenda ni waya tu.

Kuku Mgeni
Wimbo wa tisa si ndiyo ule wenye mlio kama wa bajaji mwanzoni?

Fundi Spika
Huohuo. Subiri upite.

MC Kibao Kata
Nimeenda na mimi kuusikiliza. Ooh.

Karani wa Sinza
Nimeazima za mtoto wa jirani. Nimerudi.

Upande wa kulia kuna gitaa. Wimbo mzima. Linaanza bajaji ikishapita, linamjibu mwimbaji kila anapomaliza mstari, taratibu, lile pigo la bendi za zamani ambalo Mzee wa Ilala akilisikia atalijua. Kwenye beti ya pili mwimbaji ananyamaza na gitaa linamalizia sentensi yake. Mimi kwenye uchambuzi niliandika wimbo wa tisa "una ukimya usioelezeka katikati". Ukimya ulikuwa spika yangu.

Niliusifia wimbo wa kwanza, wa pili na wa nne. Ya tano kwenda mbele niliruka ruka, nadhani mmeshajua. Wa tisa ndio wimbo wa kweli humo ndani. Nimeusikiliza mara tatu, nikafungua ukurasa niandike, na kila neno ninalotaka kulitumia nimeshalitumia kwa mtu mwingine. "Haijawahi kutokea" imeshatokea mara sita.

Sasa hivi nasikiliza ya dada wa Temeke, masikio yote mawili. Nimefika wimbo wa tano. Binti Mbagala, naomba usiniulize chochote kwa sasa.

Binti Mbagala
Siulizi. Nasubiri ufike wa kumi na nne.

Afisa Chai
Meneja asingeandika kwamba wimbo bora ni ule ambao mchambuzi hakuusikia. Nakiweka kikombe chini. Kwa muda.

Mama Vitumbua
Na kodi inaisha lini mwanangu?

Karani wa Sinza
Mwisho wa mwezi wa nane, mama. Jamaa ameshaandika tena: "Vipi ile 9.8?" Tiki mbili za bluu.

Kuku Mgeni
Mjibu spika imekufa ya kushoto pia.