Kidholuo kina irabu tisa, tunaandika tano. Ni sawa?

Mwanaziwa: Wadau, Kidholuo, lugha yetu Wajaluo, kina irabu tisa, ziko makundi mawili na neno kwa kawaida linashika kundi moja. Lakini tunaandika a e i o u, basi. Waigbo wa Nigeria wanazo nane na tahajia yao ya 1961 inaweka nukta chini ya herufi: iri ni kula, ịga ni kwenda, hata kile kiambishi cha mbele kinafuata mzizi na unakiona kwa macho. Sisi tunashindwa nini? Si kama Waswahili na irabu zao tano kavu.

KijukuuChaLamu: KAVU?? Pika, pikia. Soma, somea. Ukiniambia "nimekusomia" najua hapo hapo Kiswahili umekutana nacho ukubwani.

isimu_mwaka3: Hilo ndo tangamano la irabu lenyewe, yaani irabu ya kiambishi kufuata ya mzizi. Na kuna utamu zaidi, choma inatoa chomoa lakini tega ni tegua, hakuna anayesema tegoa, yaani e inavuta -ea ila -oa haiivuti, mpaka mzizi uwe na o.

BabaTatu: Kanuni gani hiyo, mbona rekodi ni rekodia na ina e na o zote mbili?

isimu_mwaka3: Soma vizuri kaka, inaangaliwa irabu ya mwisho ya mzizi. Rekodi inaishia i kama rudi. Samehe inaishia e, ndo maana samehea.

BabaTatu: "Soma vizuri" unamwambia nani? Nimeanza kusahihisha insha hujazaliwa.

isimu_mwaka3: Basi shikamoo mwalimu, ila bado ni i 😂

jaber_254: Turudi kwa swali jamani. Mimi Mjaluo, dani, yaani bibi yangu, alikuwa ananiandikia barua bila nukta hata moja na sikuwahi kukwama. Toni, ule mpando na mshuko wa sauti, pia hatuandiki, na tunaelewana.

Mwanaziwa: Hukukwama kwa sababu lugha ulikuwa nayo mdomoni tayari. Wangu amezaliwa mjini, juzi kamsomea bibi yake ukurasa mzima kwa irabu za Kiswahili, mzee wa watu akaitikia "ee, ee", halafu akaniuliza pembeni mtoto alikuwa anasoma lugha gani.

jaber_254: Huyo anahitaji likizo ocha, kule kijijini, si nukta.

msomaji_tu: Samahani, irabu ndo vokali?

KijukuuChaLamu: Irabu. Vokali ni ya Wazungu.

BabaTatu: Na irabu ni ya Waarabu. Haya, jibu hilo nalo.