Tupeane uzoefu: bei ilipopanda au mpaka ulipofungwa, kwenu mlikata nini kwanza?

Mama Duka wa Busia
Habari za jioni, wapendwa. Leo nilikuwa nasafisha stoo nikakuta daftari la madeni la 2022. Kurasa nzima nzima ni "sabuni nusu", "sabuni robo", "sabuni kipande". Nimekaa juu ya gunia nikalisoma mpaka chai ikapoa.

Mnaokumbuka mwaka ule mnajua. Mche wa sabuni ya kufulia niliokuwa nauza shilingi 4,000 za Uganda ulipita 8,000. Vita vya Ukraine vilishapandisha mafuta ya kula, kisha mwezi wa nne Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke nje, na sabuni hupikwa kwa mawese hayohayo. Nilitafuta waya mwembamba nikawa nakata mche mmoja vipande kumi. Kuna jirani yangu, mteja wa mche mzima kila Jumamosi, alianza kumtuma mtoto giza likishaingia ili watu wasimwone ananunua kipande. Mtoto ananyoosha mkono, sarafu zimelowa jasho. Nilikuwa namkatia kipana kuliko wengine, sisemi kitu.

Sasa nauliza kwa moyo mmoja: mambo yalipokaza, kitu cha kwanza kukatwa nyumbani kwenu kilikuwa nini? Kwangu ilikuwa sukari. Ya pili nyama.

Boda wa Mbale
Kweli kabisa mama. Sabuni ya waya naikumbuka.

Kwangu pigo lilianza Januari mwaka huohuo. Madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya ile ada ya kupimwa korona, matangi hayakuvuka, petroli ikafika 10,000 lita moja kwa wenye chupa. Abiria wa 1,000 ukimwambia 3,000 anatembea. Nilikata chakula changu cha mchana, watoto hawakujua. Halafu tukaambiwa na Rais kwamba mkate ukiwa ghali tule muhogo.

Mwana wa Soroti
Boda, muhogo una aibu gani? Sisi tumelelewa kwa atapa, ugali wetu wa muhogo na mtama, na tuna afya. Mkate ni kitu cha dukani.

Boda wa Mbale
Sijasema una aibu. Nasema muhogo wako unatoka Soroti kwa lori, na lori halinywi maji. Mwezi ule nao ulipanda. Anayelima anaweza kusema ale muhogo. Mimi nina chumba kimoja cha kupanga, nipande wapi?

Mwana wa Soroti
Hapo sawa. Ila uliuandika kama chakula cha adhabu.

Mzee wa Jinja
Wanangu, niwape ya zamani kidogo. Agosti 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke nchini, maduka na viwanda vikaangukia kwa matajiri wapya tuliowaita mafuta mingi, wengine wakauza shati bila kujua lilinunuliwa bei gani. Mimi ni mtoto wa Jinja, miwa ya kiwanda cha sukari cha Kakira naiona kwa macho, na tulikunywa chai ya chumvi. Sukari, chumvi, sabuni, vyote foleni. Ukitaka bila foleni, magendo.

Lakini kilichomvunja baba ni mwezi wa tano 1987, pesa ilipobadilishwa. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wiki hiyo ili aezeke nyumba kwa mabati. Vijana hudhani hasara ilikuwa zile sifuri mbili zilizoondolewa. Hapana. Sifuri zikitoka kwenye noti na kwenye bei, umebaki palepale. Hasara ilikuwa ile asilimia 30 serikali iliyochukua wakati wa kubadilisha: unapeleka 100,000 ya zamani, badala ya 1,000 mpya unapewa 700. Ng'ombe wawili waligeuka mabati ya upande mmoja wa paa. Upande wa pili ulikaa nyasi hadi nilipoanza kazi.

Kijana wa Kikuubo
Ndiyo maana mimi siweki pesa taslimu. Mtu anunue mbuzi. Mbuzi habadilishwi noti.

Mfugaji wa Kiruhura
Subiri karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, soko la mifugo lifungwe miezi, ndipo utajua mbuzi naye anaweza kuganda kama noti. 2024 watu walikuwa na zizi limejaa na hawana ada ya shule.

Binti wa Koboko
Mama Duka, sikutaka kuandika lakini swali lako limenikamata. Umeuliza cha kwanza kukatwa. Kwetu ilikuwa binti yangu, na nilikuwa nimeapa kwamba yeye ndiye atakuwa wa mwisho.

2013 nilikuwa nauza mayai, unga na vitunguu Juba, soko la Konyo Konyo. Napakia Gulu, nashuka Elegu, navuka Nimule, lami mpaka Juba. Mwaka uliotangulia biashara ilikuwa imeshaanza kuyumba, maana Januari 2012 Sudan Kusini ilifunga mafuta yake kwa ugomvi na Khartoum, dola zikawa adimu, paundi ikashuka. Wateja wakaanza kusema mama, andika. Nikaandika. Mwishoni mwa 2013 nikasema hii Krismasi nitafidia. Nikakopa milioni tatu kwenye kikundi chetu cha akiba, nikaingia na trei 200 za mayai.

Wanaojua vikundi vyetu wanajua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Mmoja wao nilikuwa mimi. Niliuvaa shingoni kwa uzi kama rozari. Tulipanga kugawana tarehe 20 Desemba. Nilihesabu nitarudi tarehe 18.

Jumapili usiku, tarehe 15, risasi zikaanza. Kwanza nilidhani ni sherehe. Tulikuwa wanawake sita kwenye chumba cha kupanga, tukalala chini ya vitanda siku tatu, debe moja la maji. Simu ikaisha chaji na umeme hakuna. Siku ya nne nilikwenda kuangalia stoo. Mlango haukuwepo. Unga ulikuwa umebebwa wote, vitunguu vimebebwa, mayai yamekanyagwa mpaka yamekuwa tope la njano lililoanza kukauka, na nzi. Nilisimama pale nikijaribu kutafuta hata trei moja nzima. Nilipata mayai kumi na moja. Nikayafunga kwenye kitenge nikarudi nayo chumbani, tukayachemsha.

Huko nyumbani watu 28 walikuwa wamekaa chini ya mwembe wanasubiri ufunguo. Pesa zao za mwaka mzima zimo ndani, Krismasi ipo mlangoni, na mimi sipatikani. Wengine walisema nimekaa Juba makusudi ili deni lisahaulike. Mama yangu alikuwa amekaa palepale anasikia.

Jeshi letu lilipofungua barabara nikapata nafasi juu ya lori. Nilifika Elegu na nguo niliyovaa na ule ufunguo.

Mama Duka wa Busia
Pole sana dada yangu. Pole. Nimelia.

Boda wa Mbale
Na sanduku? Walifanyaje?

Kijana wa Kikuubo
Dada, pole kwa yaliyokukuta, lakini tusemezane ukweli ili wengine wajifunze. Pesa ya kikundi unaipelekaje nchi isiyotulia? Na mwenye ufunguo anasafiri nao vipi? Mkopo ni wa kitu unachokiona.

Mwalimu wa Bwera
Wewe Kikuubo, usimhukumu. Miaka ile Sudan Kusini ilikuwa kati ya wanunuzi wetu wakubwa kabisa. Magodoro, sabuni, unga, vyote vilivyotoka mtaa wenu wa maduka ya jumla Kampala vilikwenda kule. Mabosi wenu walikopa benki, yeye akakopa kikundi. Mbona wao huwaiti wajinga?

Kijana wa Kikuubo
Sijamwita mjinga, mwalimu. Usiniwekee maneno mdomoni.

Na kwa kweli bosi wangu wa wakati huo alikuwa na malori mawili kule. Hakulipwa hadi leo. Mimi nilipunguzwa Januari, nikalala stoo ya rafiki miezi minne. Labda ndiyo maana naogopa mpaka kuliko wengine. Dada, nisamehe kama nimekugusa pabaya.

Binti wa Koboko
Hujanikosea kaka. Nilijiuliza swali hilohilo kila usiku.

Boda, sanduku walilivunja. Walimwita mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wakakata kufuli yangu kwa msumeno mbele ya watu wote, wakahesabu, wakagawana. Fungu langu lilizuiwa kwa ajili ya deni, na lilikuwa haki yao. Deni lililobaki lilikuwa milioni moja na laki nne. Nikaanza kufua nguo za watu na kubeba nyanya sokoni Arua. Mapacha wangu walikuwa na mwaka mmoja, lazima mtu abaki nao. Shule ilipofunguliwa Februari, binti yangu wa darasa la tano alibaki nao. Sare yake niliikunja nikaiweka juu ya kabati ili nisiione.

Hoteli ya Katuna
Dada, umesema kitu. Sisi huku hatukusikia risasi, geti tu. Nilikuwa napikia madereva wa malori. Mwisho wa Februari 2019 Rwanda ikafunga mpaka wa Katuna, malori yakaelekezwa Mirama Hills, na wale Wanyarwanda waliokuwa wakija Kabale kununua vitu na kutibiwa wakakoma. Nilikuwa nasonga kilo ishirini za posho, yaani ugali, kwa siku, nikashuka hadi tatu, halafu nikawa nasonga ya nyumbani tu. Geti lilifunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Siku hiyo watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshauza masufuria.

Mwalimu wa Bwera
Yangu fupi. Nafundisha shule binafsi. Shule zilifungwa kwa korona Machi 2020, zikafunguliwa rasmi 10 Januari 2022. Shule ya binafsi bila ada hailipi mshahara. Nilikaanga chapati sokoni Mpondwe, na wanafunzi wangu walikuja kununua wakiniita "mwalimu" huku nimeshika kijiko cha mafuta. Waliniheshimu, Mungu awabariki. Tuliporudi, darasa langu la sita lilikuwa na wasichana 19 kabla. Walirudi 11. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni akaomba akae karibu na mlango.

Kwa hiyo swali la Mama Duka mimi nalijibu hivi: sukari ndiyo tunayosema tulikata. Msichana tunamnyamazia.

Mkulima wa Masaka
Niongeze la upande mwingine, maana wote mnasimulia bei mbaya. Mimi nimeumizwa na bei nzuri. Vietnam na Brazil zilikumbwa na ukame, 2024 kahawa ikapanda kuliko nilivyowahi kuona tangu nianze kulima. Jirani zangu walinunua pikipiki. Mimi nilikuwa nimeuza yangu ikiwa maua bado. Mke alikuwa amelazwa, mnunuzi akaja na pesa mkononi, tukahesabu miti, nikatia sahihi. Msimu wa kuvuna nilikuwa nachuma kahawa ya mtu mwingine kwenye shamba la baba yangu, kwa ujira wa debe. Hakuna kosa alilonifanyia, nilikubali mwenyewe. Ila vijana, kopeni popote, msiuze maua.

Mfugaji wa Kiruhura
Ungekopa wapi na mgonjwa kitandani? Mimi ningeuza.

Boda wa Mbale
Ushauri wangu: oeni wanawake wa Soroti, muhogo hautaisha nyumbani.

Mwana wa Soroti
Karibu shemeji, mahari ni ng'ombe, si petroli.

Mama Duka wa Busia
Mmenifanya nicheke na macho bado mekundu. Mimi ushauri wangu ni mdogo: kama una nafasi, nunua mche mzima ukate mwenyewe, maana vipande kumi vya dukani ukivijumlisha umelipa zaidi ya mche. Nawaambia mimi niliyekuwa nakata.

Kijana wa Kikuubo
Dada wa Koboko, nina swali moja tu na sina nia mbaya. Binti alirudi shule?

Binti wa Koboko
Alirudi 2015, akakaa darasa moja na watoto aliowazidi miaka miwili. Mtihani wa darasa la saba aliufanya 2017, akapita. Nilikuwa nimeanza tena Juba kidogokidogo ili nipate ada ya sekondari, Julai 2016 kukawaka upya. Safari hiyo nilitoka mapema na pesa yangu nusu.

Kufuli na ufunguo mwingine kikundi walinipa tena 2015, nikawaomba wampe mtu asiyesafiri.

Sasa ana miaka 24. Anashona hapa Koboko mjini, sare za shule hasa. Cherehani ni yake, amemaliza kuilipa mwezi uliopita.