Kompyuta za maabara za shule Kigoma: zijisasishe zenyewe, au fundi ndiye aamue?

Mleta hoja (fundi, Mwanga, Kigoma)

Wakuu, heshima mbele.

Natunza kompyuta 18 za sekondari moja hapa mjini, zote zina Debian 12, mfumo endeshi wa bure wa aina ya Linux. Aliyeziandaa mwanzoni aliacha unattended-upgrades inafanya kazi, yaani ile programu inayoshusha masasisho na kuyaweka bila kumuuliza mtu. Msimamo wangu ni kwamba kwenye maabara za umma zinazolipia intaneti kwa bando, izimwe. Fundi aketi, aangalie, aamue.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Debian imepanga kazi ya kuweka masasisho ifanyike alfajiri, kwenye saa 12 hivi. Maabara yetu saa hiyo imezimwa. Kazi iliyopitwa na muda haifutiki, inasubiri mashine iwashwe. Jumatatu Kidato cha Tatu wanaingia, wanawasha mashine zote, na kadiri asubuhi inavyokwenda kila moja inadai vifurushi vyake, yaani mafaili ya programu. LibreOffice ileile, programu ya kuandikia na ya hesabu, inashushwa mara 18 kupitia ruta moja. Bando la mwezi likaisha Jumatano. Mkuu wa shule akaniita kuniuliza watoto walikuwa wanaangalia video gani. Hakuna mtoto aliyeangalia video, na iliniuma kuona wanatuhumiwa.

Sasa natumia mashine moja kama ya majaribio. Kwa apt, chombo cha Debian cha kuweka na kusasisha programu, naandika `apt update`, kisha `apt list --upgradable` nione kilichobadilika. `apt-get -s upgrade` inanionyesha kitakachotokea bila kugusa chochote. Kifurushi kikinitia shaka, `apt changelog` na jina lake, nasoma sababu za mabadiliko. Nisichotaka kiguswe nakifunga kwa `apt-mark hold`. Watu wengi wanajua `apt install` tu, na hapo wanaishia, wakati nusu ya faida ya apt iko kwenye amri hizi za kuangalia kabla ya kutenda.

Nawasilisha.

Mwalimu wa TEHAMA, Kasulu

Ndugu fundi, pole kwa bando, na kweli hao watoto walionewa. Ila hoja yako siikubali.

"Fundi aamue" inahitaji fundi awepo. Shule ninazozijua huku fundi anaonekana akiitwa, na anaitwa kitu kikishaharibika. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali Uingereza, ilhali Microsoft walishatoa kiraka tangu Machi. Miezi miwili kiraka kipo, mashine hazijawekewa. Najua ile ilikuwa Windows, usinijibu hivyo. Tundu la Heartbleed la 2014 lilikuwa ndani ya OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandao, na OpenSSL iko kwenye Debian yako.

Halafu hiyo `hold` unayoisifia. Niliwahi kukabidhiwa maabara nikaandika `apt-mark showhold`, nikakuta Firefox imefungwa. Nani aliifunga, kwa nini, hakuna ajuaye. Watoto walikuwa wanaingia mtandaoni na kivinjari chenye matundu yaliyokwisha kuzibwa zamani kwa wengine. Aliyefunga alikuwa fundi kama wewe, na bila shaka alikuwa na nia njema.

Mchangiaji, Ujiji

Hakuna aliyetaja umeme. Ukikatika apt ikiwa katikati ya kazi, mara nyingine inagoma mpaka uipe `dpkg --configure -a`, amri ya kumalizia kazi iliyokatika. Mwalimu wa zamu hajui hilo, atasema kompyuta imekufa na itafunikwa kitambaa hadi muhula ujao. Kwa hilo tu naungana na fundi: masasisho yawekwe mtu akiwa amesimama pale.

Mwalimu wa TEHAMA, Kasulu

Umeme unakatika hata fundi akiwa amesimama pale. Tena unattended-upgrades ina mpangilio unaoitwa MinimalSteps, unagawa kazi vipande vidogo ili ikibidi kusimama isimame pazuri. Wewe ukiandika `apt upgrade`, unasukuma vyote kwa mkupuo. Sisi tumebandika karatasi ukutani yenye mistari miwili: `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`. Hata Kidato cha Pili wanaijua.

Mwanafunzi wa chuo, Tabora

Shikamooni wakubwa zangu.

Mnabishania kuwasha au kuzima, lakini kilichomaliza bando ni kushusha kitu kimoja mara 18. Hapa Tabora ndipo reli inapogawanyika, moja Kigoma moja Mwanza. Mzigo unakuja kwa njia moja ndipo unagawanywa. Kompyuta zifanye vivyo hivyo.

Chukueni mashine moja, hata iwe kuukuu, mradi diski yake ina nafasi. Wekeni `apt install apt-cacher-ng`. Hiyo inakuwa ghala, inasikiliza kwenye mlango namba 3142. Kwenye kila mashine nyingine andikeni faili moja, /etc/apt/apt.conf.d/00proxy, yenye mstari mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Namba hizo wekeni za ghala lenu. Mashine ya kwanza ikidai kifurushi, ghala linakifuata nje na kubaki na nakala. Zinazofuata zinachukua humo humo ndani, bando halisogei. Hakikisheni tu anwani za Debian kwenye orodha ya vyanzo zinaanza na http, kwa sababu zikiwa za https ghala haliwezi kutunza nakala. Msiogope http hapa: apt inakagua sahihi ya Debian kwenye orodha ya vifurushi na alama za kila kifurushi, kilichochezewa njiani kinakataliwa.

Na kama kasi ya darasa inakufa wakati wa kushusha, ongezeni `Acquire::http::Dl-Limit "200";` mashine isizidi kilobaiti 200 kwa sekunde.

Mchangiaji, Kibondo

Mimi naogopa haraka yenyewe. Machi 2024 xz, programu ya kubana mafaili, toleo la 5.6.0 na 5.6.1, ilikutwa imepandikizwa mlango wa siri. Aligundua mtaalamu wa programu Andres Freund kwa sababu kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde. Aliyesasisha haraka ndiye aliyebeba sumu.

Mwalimu wa TEHAMA, Kasulu

Mfano huo unanisaidia mimi. Matoleo yale yaliingia Debian ya majaribio, hayakufika Debian imara, ambayo wakati huo ilikuwa hiyo 12 iliyo kwenye mashine za fundi. Kungoja unakokutaka wewe kunafanywa na Debian wenyewe kabla kifurushi hakijakufikia. Kinachokuja baada ya hapo kwa njia ya usalama ni cha kuziba tundu, na hicho hakingoji Jumamosi ya fundi.

Mleta hoja (fundi, Mwanga, Kigoma)

Marahaba mdogo wangu wa Tabora. Nimelijenga hilo ghala juu ya kompyuta iliyokuwa stoo. Mashine ya kwanza ilishusha kwa mwendo wetu wa kawaida. Ya pili hadi ya kumi na nane zilipita haraka mno, nikarudia kuangalia /var/log/apt/history.log nikidhani hazijaweka kitu. Zilikuwa zimeweka kila kitu.

Kwa hiyo nabadilisha msimamo, na nasema wazi. Masasisho ya usalama nimeyarudisha yajiendeshe yenyewe kwenye mashine zote za maabara, kupitia ghala. Hoja yangu ya bando imeisha nguvu hapo. Kuhusu hold, mwalimu umenigusa: ninazo mbili, na sikuwa nimeziandika popote. Sasa zimo kwenye daftari la maabara, na tarehe na sababu.

Ila laptopu mbili za walimu sijakubali. Zinakwenda nyumbani, zinatumia bando la simu ya mwalimu mwenyewe, na huko ghala halipo, kwa hiyo ule mstari wa proksi unazifanya zigome kabisa. Hizo nimezima masasisho ya kujiendesha.

Mwanafunzi wa chuo, Tabora

Kaka, kwa laptopu usiandike mstari wa proksi. Weka kifurushi kinaitwa auto-apt-proxy: kikiliona ghala kinalitumia, kisipoliona kinakwenda moja kwa moja nje.

Mwalimu wa TEHAMA, Kasulu

Na bando la simu lina dawa yake. Unattended-upgrades kwa kawaida inaacha kushusha ikijua mtandao unalipiwa kwa kiasi. Waambie walimu wakiunganisha simu, waandike `nmcli connection modify`, jina la mtandao, kisha `connection.metered yes`. Mara moja inatosha, itakumbuka. Laptopu ndiyo inayopita kila mahali na flashi za kila mtu. Kama kuna mashine ya mwisho kuzimiwa masasisho, ni hiyo.

Mleta hoja (fundi, Mwanga, Kigoma)

Nitaijaribu kwa moja. Ya pili inabaki imezimwa mpaka nione bando la mwezi mzima.